Mwanasayansi aliyejipima akiwa mzima mpaka akaikamata sukari yake: ni virusi vilivyoileta, au ilikuwa njiani tu?

#1 Mpima_Damu (mwanzisha uzi)
Jumatatu, saa 2:14 usiku

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa maabara, Iringa, mwaka wa kumi na moja sasa nachoma watu vidole. Kuna kisa kinanisumbua, kimegusana na cha nyumbani kwetu, nikaona nikilete hapa.

Michael Snyder ni mtaalamu wa vinasaba, Mmarekani. Kwa miaka mingi alikuwa Chuo Kikuu cha Yale akichunguza hamira, hii hii ya maandazi, na kubuni njia za kusoma maelfu ya jeni na protini kwa mpigo mmoja. Mwaka 2009 akahamia Chuo Kikuu cha Stanford kuongoza idara ya vinasaba. Huko akafanya jambo ambalo sisi wa maabara tunawafanyia wengine kila siku ila wenyewe hatujifanyii: akajigeuza sampuli. Alikuwa na miaka 54, mzima, mwembamba. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, ikasomwa, kisha akawa anatoa damu akiwa mzima na akiwa mgonjwa, mara 20 ndani ya miezi 14, na kila damu inapimwa maelfu ya vitu.

Jenomu ikaonyesha yuko kwenye hatari ya kisukari aina ya 2. Ukimtazama mwili usingedhani. Halafu akashikwa na mafua ya virusi vya RSV, na baada ya hapo sukari ikapanda na haikushuka. HbA1c, kile kipimo cha miezi mitatu, ikafika asilimia 6.7 wakati mstari wa kisukari ni 6.5. Akaacha vitamu, akaongeza baiskeli na mbio, ikamchukua miezi hadi ikashuka. Waliyachapisha mwaka 2012 kwenye jarida la Cell.

Sasa la nyumbani. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, miaka 67, mwembamba kama fito, shambani anakwenda kwa miguu. Mwezi wa tatu alilazwa kwa homa ya mapafu. Sukari ya damu ikasomeka 11.8 (hizi ni milimoli kwa lita, siyo asilimia za HbA1c). Wakamwambia ni homa tu, itashuka. Juzi nimempima mwenyewe alfajiri kabla hajanywa chai: 7.9. Nimerudia kesho yake: 7.6.

Swali langu: ni homa iliyoileta, au ilikuwepo hatujui? Kwa Snyder wana damu ya kabla, ya wakati wa mafua na ya baada. Kwa baba yangu sina namba hata moja ya kabla. Mtu aliyefundisha miaka 34, na hakuna karatasi inayosema sukari yake ilikuwa ngapi siku yoyote.

#2 Rangi_Tatu
Jumatatu, saa 2:31 usiku

Nimekaa mkao wa kula. Lakini mkuu, hamira na kisukari wapi na wapi?

#3 Mpima_Damu
Jumatatu, saa 2:50 usiku

@Rangi_Tatu swali zuri. Chembe ya hamira ina kiini kama ya kwetu, na ina jeni kama 6,000 tu, kwa hiyo ni rahisi kuijaribia vifaa. Ukishaweza kuona jeni zote hizo zinavyowaka na kuzimika kwa wakati mmoja, swali linalofuata linakuja lenyewe: kwa nini daktari anampima binadamu vitu kumi na tano tu, tena mpaka aumwe? Hapo ndipo alipohamia kwenye kinga. Hakuanza kama daktari wa wagonjwa, alianza kama fundi wa vipimo. Ndiyo maana nampenda, nasema kweli.

#4 Dk_Zamu
Jumatatu, saa 4:05 usiku

Poleni na mzee. Niko zamu, naandika kwa haraka.

Mgonjwa yeyote aliyezidiwa, awe na homa ya mapafu, malaria kali au ameungua moto, mwili humwaga homoni za kotisoli na adrenalini, na ini linatoa sukari. Kwa hiyo 11.8 akiwa kitandani haimfanyi mtu kuwa na kisukari, aliyewaambia vile hakukosea. Kosa ni kutorudia baada ya kupona. 7.9 na 7.6 akiwa hajala, siku mbili tofauti, ni jambo jingine. Mstari ni 7.0. Hapo jina la ugonjwa lipo tayari.

Kuhusu Snyder: hoja ya "ni homa tu" haimtoshi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na HbA1c inasoma sukari iliyozigandia muda wote huo. Mafua ya wiki moja hayakupeleki 6.7. Sukari yake ilikaa juu kwa muda.

#5 Kaka_wa_Kurasini
Jumatatu, saa 4:40 usiku

Huyu si yule aliyegundua ugonjwa wake kwa saa ya mkononi akiwa kwenye ndege? Nilimsikia kwenye redio. Kwa hiyo saa ndiyo iliyomwonyesha kisukari.

#6 Mlowezi_Minnesota
Jumanne, saa 12:20 asubuhi

@Kaka_wa_Kurasini mtu ni huyo huyo, ugonjwa siyo. Mambo ya saa yalikuja baadaye. Alikuwa akisafiri kwenda Norway, amevaa saa janja na kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kwenye ndege oksijeni hushuka kwa kila mtu, yeye alishalijua hilo kwa sababu alikuwa amejipima safari nyingi. Safari hii ilishuka kuliko kawaida yake na mapigo yakawa juu, na hata walipotua hayakurudi sawa. Wiki mbili nyuma alikuwa kijijini Massachusetts akimsaidia kaka yake kujenga uzio, na kule kuna kupe. Akamwambia daktari anashuku ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, akapewa dawa ya doksisaiklini, vipimo vikathibitisha. Hiyo ilichapishwa 2017.

Angalieni neno "kuliko kawaida yake". Kama asingekuwa na kumbukumbu za safari zilizopita, asingeshtuka.

#7 Mama_Wawili
Jumanne, saa 1:45 asubuhi

Mimi si mtaalamu, nina jambo la kusema kuhusu "hakuna karatasi ya kabla".

Mimba ya pili, Tanga, nilikutwa na sukari mwezi wa saba. Nilichoma kidole mara nne kwa siku, mume wangu ndiye aliyekuwa akiandika kwenye daftari la mtoto la hisabati, lile la vijisanduku. Nikajifungua salama, mtoto kilo 4.1. Wauguzi walishangilia, nami nikaondoka. Hakuna aliyeniambia nirudi. Hakuna! Miaka minne baadaye nimekwenda kwa ajili ya macho ndipo nikaambiwa nina kisukari kamili.

Kwa hiyo mimi karatasi ya kabla nilikuwa nayo. Daftari zima. Halikuwa na wa kulisoma.

#8 Dk_Zamu
Jumanne, saa 2:10 asubuhi

@Mama_Wawili pole sana dada, na unasema jambo linaloniuma. Aliyepata sukari ya mimba anatakiwa kurudi kupimwa wiki ya 4 hadi ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote. Hatari yake ni mara kadhaa ya wengine. Hilo halihitaji jenomu. Ujauzito wenyewe ni kipimo: mwili umebebeshwa mzigo, kongosho likaonyesha linapoelemewa.

Nahisi hata RSV ya Snyder ilikuwa mzigo wa namna hiyo.

#9 Ami_wa_Kibokoni
Jumanne, saa 3:30 asubuhi

Assalaam alaykum jamaa. Niko Mombasa. Mie naona mnaipita njia ya karibu. Mtu kahamia kazi mpya mwaka 2009, kapewa idara nzima, hana usingizi, chakula cha mikutanoni biskuti na soda. Mwaka mmoja baadaye sukari iko juu. Hamuoni? Ni fikra na maisha. Virusi ni kisingizio.

Babangu alifungua duka la pili, mwaka ule ule sukari ikampata. Hakuwa na mafua.

#10 Mpima_Damu
Jumanne, saa 7:02 mchana

@Ami_wa_Kibokoni waalaykum salaam ami. Hoja yako siitupi, lakini wakati wa kuhamia hadi sukari kupanda, damu zake za katikati zilikuwa kawaida. Ilipanda baada ya RSV. Ila pia nikubali: kabla ya RSV alipata mafua mengine ya virusi vya kawaida vya rhino, na sukari haikutikisika. Kwa nini hiki ndiyo na kile hapana? Sijui.

Kuna jambo jingine ndani ya ile ripoti ambalo watu hawalitaji. Walikuta kwenye damu yake kingamwili zinazoshambulia protini yake mwenyewe iitwayo DOK6, ambayo hushikana na kipokezi cha insulini. Kwa hiyo huenda kinga yake, ikipigana na virusi, ilikosea ikaugusa mlango wa insulini.

#11 Rangi_Tatu
Jumanne, saa 7:15 mchana

Mpaka sasa nahesabu: jeni, virusi, kotisoli, kazi mpya, kinga kukosea njia. Watuhumiwa watano na maiti hakuna. Endeleeni wakuu.

#12 Afya_ya_Jamii
Jumanne, saa 8:48 mchana

Nitasema lisilopendeza. Huyu ni mtu mmoja. Mtu mmoja akipata mafua kisha sukari, huwezi kusema kimoja kimezaa kingine hata ukimpima vitu milioni. Lazima uwe na wengi.

Na la pili, linalonigusa zaidi. Nimefanya kazi za kinga wilayani miaka kumi na minane. Vyandarua, chanjo ya surua, maji safi, madini joto kwenye chumvi. Hakuna hata kimoja kilichouliza jenomu ya mtu. Geoffrey Rose, Mwingereza, aliandika mwaka 1985 kwamba kuna maswali mawili tofauti: kwa nini mtu huyu ameugua, na kwa nini watu hawa wanaugua kuliko wale. Ukilijibu la kwanza tu, utawaokoa wachache walio juu kabisa ya hatari, huku wagonjwa wengi wakitoka katikati, kwa watu wa hatari ya kawaida ambao hukuwaangalia.

Tunasifia kipimo cha mtu mmoja Stanford wakati kuna zahanati stripu za sukari zimeisha tangu Pasaka. Nimefika hapo kwa pikipiki wiki iliyopita, nimeona boksi tupu kwa macho yangu, wanalitumia kuwekea kalamu.

#13 Mlowezi_Minnesota
Jumanne, saa 10:30 jioni

@Afya_ya_Jamii hoja ya mtu mmoja wenyewe waliikubali, wakaongeza watu. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya watu 109 waliofuatiliwa kwa miaka. Yalitoka mambo zaidi ya 60 ya kufanyiwa kazi, ya moyo, ya saratani za mwanzo, ya damu. Na kwa wale waliopata kisukari njia hazikufanana: mwingine insulini haitoki vya kutosha, mwingine inatoka lakini mwili hauisikii. Jina la ugonjwa moja, njia mbalimbali.

Lakini kwa upande wa gharama uko sahihi kabisa. Kuna mzee mwingine, Leroy Hood, mzaliwa wa Montana mwaka 1938. Ndiye aliyesoma DNA ya mwanadamu mara ya kwanza kwa mashine. Yeye husema tiba iwe na mambo manne: kutabiri, kuzuia, kumlenga mtu binafsi, na kumshirikisha mwenyewe. Mwaka 2014 akachukua watu 108 wenye afya akawafuatilia, kisha ikazaliwa kampuni ya Arivale, Seattle. Vipimo, jenomu, na mshauri anayekupigia simu. Mwaka 2019 ikafungwa. Kumhudumia mteja mmoja kulikuwa ghali kuliko watu walivyokuwa tayari kulipa. Ikiwa Seattle imeshindikana, huku kwetu je?

#14 Mpima_Damu
Jumanne, saa 11:05 jioni

@Mlowezi_Minnesota asante. Rekebisho dogo: DNA ya binadamu ilikuwa inasomwa kabla yake kwa mkono, kwa njia ya Sanger ya miaka ya 1970. Maabara ya Hood huko Caltech ndiyo iliyoleta mashine ya kuisoma yenyewe, mwaka 1986. Bila mashine ile mradi wa jenomu ungechukua umri wa mtu.

#15 Mlowezi_Minnesota
Jumanne, saa 11:20 jioni

Sawa mkuu, nimepokea. Mashine, siyo usomaji.

#16 Mfamasia_Mbeya
Jumanne, saa 3:18 usiku

Nimesoma uzi mzima. @Afya_ya_Jamii naheshimu kazi yako, lakini sikubali kwamba tiba ya kumlenga mtu ni anasa ya Stanford. Imeshatugusa, tena vibaya, na tuliokuwa dirishani tuliona.

Kumbukeni efavirenzi kwenye dawa za kufubaza VVU. Miligramu 600, kila mtu mzima, usiku. Kuna watu walikuwa wanarudi dirishani wanasema wameota wanafukuzwa usiku kucha, wanaamka wanayumba kama walevi. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, hii dawa inanitembeza makaburini." Tulimwambia atazoea. Wengi walizoea. Wengine waliacha dawa kimya kimya, na ukiacha dawa zile unajua mwisho wake.

Sasa kuna Profesa Collen Masimirembwa, Mzimbabwe, mwanzilishi wa taasisi ya AiBST ya Harare. Yeye na wenzake walionyesha kwamba kuna jeni ya ini, CYP2B6, ambayo kwa Waafrika wengi ipo kwenye umbo linaloivunja efavirenzi polepole. Zimbabwe ni karibu mtu mmoja katika watano. Kwao 600 inarundikana kwenye damu kama vile wamekunywa zaidi. Alionya mapema kwamba dozi ipunguzwe kwa watu wa namna hiyo. Mwaka 2015 Zimbabwe ikaitumia efavirenzi ya 600 kwa wote, na malalamiko ya maluweluwe na huzuni yakafuata kama alivyosema.

Dozi ile ilipangwa kwa kuangalia miili ya watu wengine. Yule mama hakuwa mkorofi, ini lake ndilo lilikuwa linasema kweli.

#17 Afya_ya_Jamii
Jumanne, saa 3:40 usiku

@Mfamasia_Mbeya hapo umenipata. Lakini ona suluhisho lilivyokuja: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dolutegravir iwe dawa ya kwanza kwa wengi, nchi zikahama. Hakuna aliyepimwa jeni. Dawa ilibadilishwa kwa wote.

#18 Mfamasia_Mbeya
Jumanne, saa 3:52 usiku

Na dolutegravir nayo, madaktari wa Kampala wameripoti wagonjwa wachache waliopandwa na sukari kali baada ya kuianza. Wachache, narudia, mtu asije akaacha dawa kwa sababu ya uzi huu! Ninachosema ni kwamba kila dawa ya wote ina wachache wake, na wachache hao wana sababu ndani ya miili yao.

#19 Ami_wa_Kibokoni
Jumanne, saa 4:15 usiku

Na ile dawa ya malaria iliyoondolewa? Lapdap. Hapa pwani tuliisikia, kisha ikapotea.

#20 Mfamasia_Mbeya
Jumanne, saa 4:29 usiku

@Ami_wa_Kibokoni umenikumbusha. Ilikuwa na dapsoni ndani. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wakipewa dapsoni chembe nyekundu zinapasuka, damu inashuka. Upungufu huo uko kwa wingi hasa pale malaria ilipokaa karne na karne, ndio hapa kwetu. Dawa ya malaria inayowadhuru wale ambao malaria yenyewe iliwachagua. Iliondolewa sokoni 2008.

#21 Baba_wa_Neema
Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Mimi binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa chembe nyekundu kujikunja kama mundu, ana miaka tisa. Nimejifunza mengi kwa kulazimika.

Aliyeonyesha kwamba selimundu na malaria ni ndugu ni Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya. Mwaka 1954 alichapisha kwamba mtoto mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu anakingwa na malaria kali. Vikiwa viwili ndio ugonjwa. Kwa hiyo kinga ya mmoja na maumivu ya mwingine ni kitu kile kile, kwenye nyumba ile ile. Mimi na mke wangu ni wazima, tuna kimoja kimoja, na hatukujua mpaka vidole vya Neema vilipovimba akiwa na miezi minane.

Tanzania inazaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Profesa Julie Makani na wenzake Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa tangu 2004, mmoja mmoja, kwa miaka. Jamani hiyo siyo tiba ya kumlenga mtu? Mtoto akijulikana siku ya kuzaliwa, akapewa penisilini na chanjo mapema, anaishi. Asipojulikana, anakufa kwa homa ambayo mtaa utasema ni malaria.

@Mpima_Damu, umemchukua mzee kipimo cha selimundu? Nitakwambia kwa nini nauliza, ngoja nimpeleke mtoto shule.

#22 Rangi_Tatu
Jumatano, saa 1:25 asubuhi

Mzee wa miaka 67 apimwe selimundu? Baba Neema rudi haraka.

#23 Baba_wa_Neema
Jumatano, saa 3:02 asubuhi

Nimerudi. Simaanishi mzee anaumwa selimundu. Namaanisha kile kinasaba kimoja, kama changu.

Kaka yangu ana kisukari na ana kinasaba kimoja. Kwenye kidole sukari ilikuwa juu kila asubuhi, HbA1c inatoka nzuri. Wakamwambia kidude chake cha kidole kibovu. Akanunua kingine. Kikasema vile vile. Mpaka daktari mmoja akamwuliza, kwenu kuna selimundu?

#24 Dk_Zamu
Jumatano, saa 6:33 mchana

Baba Neema amesema jambo kubwa, nami najilaumu sikulisema tangu post namba 4.

Kulikuwa na ripoti mwaka 2017 kwenye jarida la JAMA, Wamarekani weusi. Kwa sukari ile ile ya damu, mwenye kinasaba kimoja cha selimundu HbA1c yake inasoma chini kwa karibu 0.3. Mwaka huo huo ripoti nyingine ikaonyesha umbo la G6PD la Kiafrika nalo linaishusha, kwa sababu chembe nyekundu haziishi siku zote 120, zinakufa kabla hazijakusanya sukari ya kutosha. Mwenye 6.7 ya kweli anaweza kuonekana 6.4 au chini ya hapo, akarudishwa nyumbani.

Yaani kipimo kilichomkamata Snyder kingeweza kumkosa mtu wa Muheza.

Na kuhusu wembamba: wagonjwa wembamba wa sukari tunao wengi, na hawafanani na vitabu. Mwaka 2025 ilitoka ripoti ya vijana wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini walioandikiwa kisukari aina ya 1. Karibu theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili zinazotambulisha aina ya 1. Si aina ya 1 tunayoijua, si aina ya 2. Mwezi wa nne mwaka huo huo shirikisho la kimataifa la kisukari likakubali kuita aina ya 5 ile inayotokana na njaa na lishe duni ya utotoni. Mzee amezaliwa lini, na wapi?

#25 Mpima_Damu
Jumatano, saa 7:20 mchana

Kaskazini mwa Singida, @Dk_Zamu. Aliwahi kutusimulia mwaka wa njaa alipokuwa mdogo, walikula mizizi ya mlenda pori na maganda. Alikuwa akisimulia ili tusiache chakula kwenye sahani. Sikuwahi kuwaza kwamba ile hadithi ni ya kuandika kwenye faili la hospitali.

#26 Ami_wa_Kibokoni
Jumatano, saa 7:41 mchana

Subhanallah. Sasa ni watuhumiwa sita.

#27 Kaka_wa_Kurasini
Jumatano, saa 9:15 alasiri

Mimi nina hofu nyingine. Nikipimwa jenomu nikaambiwa nina hatari ya hiki na kile, si nitakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa? Na kazini wakijua?

#28 Mlowezi_Minnesota
Jumatano, saa 2:05 usiku

Hofu ya kweli hiyo. Marekani kuna sheria ya mwaka 2008 inayokataza mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa jeni. Bima ya maisha haimo, wanaweza kukuuliza na kukupandishia.

Kuhusu mawazo: jenomu ya Snyder ilionyesha pia badiliko kwenye jeni ya TERT linalohusishwa na ugonjwa wa kukaukiwa damu. Mama yake mzazi alikuwa nalo pia, na alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80 bila dalili yoyote. Kilichotabiriwa na jeni moja kilikuja, cha nyingine hakikuja. Jeni ni mawingu tu, mkuu. Yakitanda unaanua nguo.

#29 Afya_ya_Jamii
Jumatano, saa 2:50 usiku

Na tena mawingu hayo yamesomwa kwa anga la wengine. Kwenye utafiti mwingi wa jenomu duniani Waafrika ni sehemu ndogo sana. Zile alama za hatari ya kisukari walizotumia kwa Snyder zilijengwa kwa watu wa asili ya Ulaya, kwa mzee wa Singida zinapungua nguvu. Mradi wa H3Africa, wa kuchunguza jenomu za Waafrika, ulianza mwaka 2010 ili kuziba pengo hilo, kazi bado.

Na faida siyo yetu tu. Dawa mpya za kushusha lehemu (kolesteroli), zinazozuia kazi ya jeni ya PCSK9, zilitokana kwa sehemu kubwa na Wamarekani weusi wa Dallas waliokutwa na lehemu ya chini kwa sababu jeni hiyo haifanyi kazi. Kisha akapatikana dada mmoja Harare, kijana, mzima wa afya, ambaye nakala zake zote mbili hazifanyi kazi. Lehemu mbaya karibu hakuna, na hana tatizo lolote. Mwili wake ulisaidia kuonyesha kwamba kuizima jeni hiyo si hatari. Dawa ziliidhinishwa 2015. Kwenye duka la dawa la mtaani kwake atazikuta?

#30 Mama_Wawili
Jumatano, saa 3:12 usiku

@Afya_ya_Jamii leo umegeuka, jana ulikuwa wa chumvi na vyandarua. 😄

#31 Afya_ya_Jamii
Jumatano, saa 3:20 usiku

Sijageuka dada. Chandarua kwanza. Lakini ile post namba 16 sikulala nayo vizuri.

#32 Mpima_Damu
Ijumaa, saa 12:40 jioni

Wakuu, mrejesho.

Mzee alikuja mjini jana. Alfajiri hajala: 8.1. HbA1c tuliyompima kwenye mashine yetu: 6.2. Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Kwa karatasi hiyo pekee angeambiwa "uko mpakani, punguza ugali, nenda."

Kisha nikafanya alichosema Baba Neema. Tone la damu kwenye kioo, nikaweka ile dawa, nikafunika, nikasubiri. Mzee kakaa pembeni kwenye kiti cha wagonjwa, kofia magotini, ananiuliza kama nimeshakula. Nikaangalia kwenye darubini. Chembe zimejikunja kama mundu, siyo zote, ila zipo za kutosha. Ana kinasaba kimoja. Miaka 67 anatembea nacho, na mimi mwanawe, mtu wa maabara, ndio najua leo. Kesho najipima mwenyewe na mdogo wangu anayetarajia kuoa.

Daktari wetu amemwandikia kisukari kwa sukari ya kidole, siyo kwa HbA1c. Aina gani, hajaandika. Ameacha nafasi.

Kama ni homa ya mapafu iliyomsukuma, au njaa ya Singida, au vyote, bado sijui. @Dk_Zamu, ile ya kupima kiasi cha insulini anayotoa mwenyewe, sipeptaidi, kwa huku nyanda za juu inapatikana wapi? Hapa kwetu hatuna.

#33 Dk_Zamu
Ijumaa, saa 1:15 usiku

Nakutumia ujumbe wa faragha. Asile kabla ya kuja, na aje na daftari lenye namba zake za sukari.

#34 Mama_Wawili
Ijumaa, saa 1:22 usiku

Nunua la vijisanduku, ndiyo rahisi kuandikia.